Jamvi la Wasomaji: Jibini, Sabuni na Ampea Tano za Trablus

Makala ya toleo lililopita ilikuwa juu ya Trablus, mji wa pili kwa ukubwa nchini Lebanon: masoko yake ya enzi za Wamamluki (watawala wa Misri na Sham wa zama za kati), ngome, bandari ya Al-Mina na vitamutamu vyake. Barua zilizokuja baada ya hapo nyingi zinanukia jikoni, na hilo halikutushangaza, maana picha ya sinia la halua ilikuwa kubwa kuliko ya ngome. Zilizofanana tumeziunganisha.

*Mhariri, shuleni tulifundishwa Tripoli ni mji mkuu wa Libya. Nyinyi mmeuhamishia Lebanon. Nani kakosea? — Msomaji, Temeke*

Hakuna aliyekosea, ndugu. Miji ni miwili na jina ni moja. Waarabu huitofautisha kwa kusema Trablus ya Sham, ambayo ndiyo hii ya Lebanon, na Trablus ya Magharibi, yaani ile ya Libya. Jina lenyewe ni la Kigiriki na maana yake ni miji mitatu. Kwa hii ya Lebanon husemwa ni makazi matatu ya Wafoinike waliotoka Saida, Sur na kisiwa cha Arwad. Ila uwe macho unapokata tiketi: ukiandika Tripoli peke yake kwenye simu, ndege itakushusha Libya. Anayekwenda Trablus ya Sham hushukia Beirut.

*Assalaam aleikum. Nimejaribu kupika ile halua ya jibini mliyoitaja, halawet el jibn. Mara ya kwanza ilikuwa na chumvi kama papa. Mara ya pili jibini ilitoa mafuta, ikawa mpira. Mara ya tatu ilikatikakatika nilipoisukuma. Nakosea wapi? — Mama wa watoto wanne, Tanga*

Waaleikumu salaam, mama. Makosa yako ni matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Chumvi kwanza. Trablus hutumia jibini ya akawi, nayo hukaa kwenye maji ya chumvi. Wenyewe hawaipiki ilivyo. Huikata vipande vyembamba kama kidole na kuviloweka kwenye maji baridi kwa saa nane hadi kumi na mbili, huku maji yakibadilishwa mara nne au tano. Kabla ya kuipika huimega kipande na kukionja. Kikiwa na chumvi hata kidogo, hurudi majini. Kwetu akawi ni ya kutafuta kwa tochi, lakini mozarela ile ngumu ya kipande hufaa sana. Hiyo huwa na chumvi kidogo tu, saa mbili au tatu za maji zinatosha. Baada ya hapo ikamue vizuri kwa kitambaa, maana maji yakibaki ndani donge halishikani. Usitumie halumi wala panir. Hizo hazivutiki zikipata moto: zitalainika kidogo, zitabaki chembechembe, na utamaliza semolina yako bure.

Vipimo vya sinia moja ni hivi: jibini gramu 500 iliyokwisha kulowekwa na kukunwa, maji kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, semolina laini (wengine tunaiita suji) robo tatu ya kikombe, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya waridi na kimoja cha maji ya maua ya mdanzi. Suji iwe ile laini kabisa. Ile ya chenga utaihisi kwenye meno.

Chemsha maji na sukari kwenye sufuria nzito. Tia yale maji mawili ya harufu, kisha nyunyiza suji taratibu huku unakoroga, kama unavyosonga uji usifanye madonge. Dakika moja au mbili itakuwa nzito. Hapo ndipo penye kosa lako la pili, mama: punguza moto uwe mdogo kabisa kabla jibini haijaingia. Moto mkali huikaza jibini na kuikamua mafuta, na mafuta yakishatoka hayarudi. Tia jibini kwa mafungu matatu, koroga kwa mwiko wa mti kwa kuvuta na kukunja, mpaka iwe donge moja linalong'aa na kuacha pembe za sufuria. Likifika hapo, epua. Wengi huendelea kukoroga wakidhani itazidi kulainika, kumbe wanaipeleka kwenye huo mpira ulioupata.

Kosa la tatu ni ubaridi. Donge hili husukumwa likiwa moto, na wenye mikono laini hulia. Paka meza shira, au tandaza karatasi ya nailoni na kuipaka shira, mwaga donge, funika na nailoni nyingine, kisha sukuma kwa mti wa chapati mpaka unene uwe kama milimita tatu. Likipoa kabla hujamaliza litapasuka kandokando. Usilazimishe, lirudishe kwenye sufuria na kijiko cha maji, lipate moto mdogo, uanze tena. Mara moja linavumilia, mara ya pili halivumilii.

Shira ni sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja na kijiko cha chai cha maji ya ndimu ili sukari isigande. Ichemke dakika nane hivi, epua, ndipo utie harufu. Ukiitia mapema yote itaondoka na mvuke.

Ndani huwekwa ashta, ambayo ni binamu wa malai yetu. Wenye duka huchemsha maziwa kwenye sinia pana kwa moto mdogo na kukusanya utando wa juu. Nyumbani tumia njia ya mkato: maziwa yenye mafuta vikombe vitatu, krimu kikombe kimoja na konflawa vijiko vitano vya chakula, vyote vikorogwe vikiwa baridi kisha vipelekwe motoni, vikorogwe bila kuachwa mpaka viwe vizito. Ipoe huku imefunikwa na nailoni iliyogusana nayo, isifanye ngozi. Panga ashta ukingoni mwa karatasi ya jibini, viringisha, kata vipande vya urefu wa kidole, nyunyiza pistachio iliyosagwa, na shira mwagia mezani, kila mtu kadiri yake.

Iliwe siku hiyo hiyo. Friji huikaza jibini, na ukiipasha moto ashta inayeyuka. Usijaribu kuisafirisha pia: ukitoka Trablus na boksi la kupeleka nyumbani, chukua baklawa na vikavu vingine, vya ashta kula hapo hapo.

Msomaji mwingine wa Mombasa ameuliza kama kweli asili yake ni Trablus. Watu wa Hama na Homs, upande wa Syria, watakwambia ni yao. Ugomvi huo tunawaachia wenyewe.

*Habari Mhariri. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi za nyumbani hapa Trablus. Nikiwasha mashine ya kufua, stima inaruka nyumba nzima. Madamu anasema nimeharibu, na kila mara anataja "khamse amper". Nifanyeje? — Dada wa Kilifi*

Dada yetu, hujaharibu kitu. Hiyo ni hesabu tu, na ukishaijua utaishi nayo kwa amani.

Nyumba nyingi za Lebanon zina stima za aina mbili. Ya kwanza ni ya serikali, wanaiita *dawle*. Huja kwa saa chache na kuondoka. Ya pili ni ya jenereta ya mtaa, wanaiita *ishtirak*, yaani usajili: mwenye jenereta huvuta waya mpaka nyumbani na kukuuzia kwa ukubwa wa swichi anayokufungia. "Khamse amper" ni ampea tano. Zidisha kwa volti 220, unapata wati 1,100. Hizo ndizo zenu zote, nyumba nzima, kwa wakati mmoja. Zikizidi, swichi inajikata yenyewe, na ndiyo kazi yake.

Sasa hesabu vitu. Friji ya kawaida hula wati 150 hadi 200, ingawa injini yake inapoamka huvuta zaidi kwa nukta moja. Runinga 100, feni 60, kila taa ya LED kama 10, kile kisanduku cha intaneti hakifiki 20. Hapo bado mko salama. Birika la umeme peke yake ni wati 2,000. Pasi ni 1,200 kwenda juu. Kikausha nywele 1,500. Tangi la kuchemshia maji ya kuoga, lile wanaloliita *azan*, 1,500 au zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia kwenye ampea tano. Mashine ya kufua ina siri yake: mota inayozungusha nguo haili sana, wati 300 hadi 500. Kinachokata stima ni koili ya kuchemsha maji iliyo ndani, kama wati 2,000.

Kwa hiyo ukilazimika kufua kwa ishtirak, weka programu ya maji baridi. *Barid* ndiyo neno, na kwenye kitufe huandikwa 20 au huchorwa alama ya theluji. Mashine nyingine huchemsha maji hata kwenye programu inayoonekana ya kawaida, 30 au 40, na ndiyo sababu wengi hudhani mashine ni mbovu. Nguo za madoa na mashuka zisubiri dawle. Ikija utasikia jengo zima likisema "ijit!", imekuja. Hapo panga foleni: tangi la maji kwanza, kisha mashine, pasi mwisho. Na kabla dawle haijaondoka zima tangi. Kwenye nyumba zenye swichi ya kubadilisha yenyewe, stima ya jenereta hupokea mzigo wote kwa mara moja na kukata papo hapo, na watu hubaki gizani wakidhani jenereta imekufa.

Ikikata, usikimbilie kuinua swichi. Chomoa kile kilichokata, acha friji na taa, ndipo uinue. Ikiwa swichi ya ndani haijashuka na bado giza, basi iliyoshuka ni ya mwenye jenereta, kwenye boksi lililo ngazini au barabarani. Hilo halikuhusu kulifungua. Madamu ampigie mtu wa ishtirak. Ikikata hata kama umechomoa kila kitu, au pakinuka mpira ulioungua, hiyo si hesabu tena, ni hitilafu ya waya, na wa kuitwa ni fundi.

Kuna nyumba zilizofunga sola baada ya mgogoro wa uchumi wa 2019, na huko mchezo hubadilika: mashine huendeshwa adhuhuri, jua likiwa kichwani, si usiku kwa betri. Sisi tungekushauri uandike wati za kila chombo kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji kwa namba. Namba hazina Kiswahili wala Kiarabu, na zitapunguza lawama.

*Mhariri, mimi hutengeneza sabuni Unguja. Nataka kutengeneza ya mafuta ya zaituni kama ya Khan al-Saboun, lile jengo la kale la sabuni huko Trablus. Nimefuata vipimo vya sabuni yangu ya nazi, ikaniunguza ngozi. Shida ni zaituni? — Mjasiriamali, Mwanakwerekwe*

Zaituni haina kosa. Vipimo ndivyo vilivyokuunguza, na afadhali uligundua kwenye mkono wako kabla hujamuuzia mtu.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki soda. Gramu 1,000 za mafuta ya nazi hula gramu 183 za kostiki zikaisha kabisa. Gramu 1,000 za zaituni hula 135 tu. Ukitumia kipimo cha nazi kwenye zaituni, zinabaki karibu gramu 50 za kostiki zisizo na kazi, na hizo hutafuta ngozi. Ukifanya kinyume, sabuni inabaki na mafuta, haikauki, na baada ya muda inanuka uvundo. Watengenezaji wazuri huacha akiba ya mafuta ya asilimia tano, ili hata mizani ikikosea kidogo ngozi isipate taabu. Kwa hesabu hiyo:

Zaituni tupu gramu 1,000: kostiki gramu 128, maji gramu 300.
Nazi tupu gramu 1,000: kostiki gramu 174.
Zaituni 700 na nazi 300: kostiki gramu 142, maji gramu 300. Mchanganyiko huu ndio tungeuanzia Unguja, kwa sababu zaituni tupu ina povu dogo la utelezi ambalo mteja aliyezoea sabuni ya nazi hulidharau.

Pima kila kitu kwa mizani, hata maji. Kikombe hakifai hapa. Na kostiki ni kostiki: magadi ni kitu kingine, hayatageuza mafuta kuwa sabuni ngumu ya mche. Kostiki iliyoachwa wazi kwenye hewa ya pwani hunyonya unyevu, ikaongezeka uzito na kupungua nguvu, kwa hiyo ile iliyogandamana mfukoni usiitegemee.

Jambo linalosahaulika sana: sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki huila alumini, huchemka, hutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumia stili isiyoshika kutu, au ndoo ya plastiki ngumu. Vaa glavu na miwani, simama penye upepo. Kostiki huingizwa kwenye maji; maji hayamwagwi juu ya kostiki hata siku moja, yataruka usoni. Maji hupanda joto haraka yenyewe. Subiri yapoe hadi nyuzi 40 hivi, mafuta nayo yawe na joto linalokaribiana, kisha mimina taratibu huku unakoroga.

Zaituni ni mvivu wa kuwa nzito. Kwa mwiko unaweza kukoroga saa nzima na zaidi. Kwa mashine ya mkono ya kusagia ni robo saa. Ni tayari ikiwa kama uji wa mtoto, na ukichora kwa mwiko alama inabaki juu. Hapo tia harufu, mimina kwenye kalibu, funika. Baada ya siku mbili au tatu ibonyeze: ikiwa ngumu kama jibini, toa ukate. Ikiwa bado laini, iache, isikupe pupa.

Kisha kukausha, na hapa ndipo Trablus inapoitwa Trablus. Kwa jadi ya Sham mafuta huchemshwa pamoja na kostiki kwa siku kadhaa kwenye pipa kubwa, humwagwa sakafuni yakagande, hukatwa, hupigwa mhuri, kisha mche juu ya mche hupangwa kama mnara wenye matundu ili hewa ipite, na minara hiyo hukaa miezi. Wewe unayefanya bila kuchemsha ipe wiki sita hadi nane kwa uchache, kwenye rafu yenye matundu, mbali na jua. Ikifika miezi sita ni bora zaidi: maji yameondoka, mche ni mgumu, hauyeyuki kwenye kisahani. Sabuni ya zaituni iliyouzwa baada ya wiki mbili haiunguzi kama vipimo ni sahihi, lakini inaisha upesi na mteja harudi.

Ukitaka rangi ya kijani na harufu ile ya majani, hiyo ni kazi ya mafuta ya mti wa ghari (laurel kwa Kiingereza), na kwetu bei yake itakula faida yote. Tungeacha.

*Naja Beirut kwa shughuli zangu na nina siku moja ya kwenda Trablus. Nifikeje, nitumie fedha gani, na soko nilianzie wapi? — Msomaji, Muscat*

Angalia kwanza tangazo la ubalozi wako kuhusu usalama, hali ya Lebanon hubadilika. Kukiwa kutulivu, nenda mzunguko wa Dora, Beirut, asubuhi. Mabasi madogo ya kaskazini hupakia hapo na kuondoka yakijaa. Ni kama kilomita 85, saa moja na nusu ikiwa barabara ya pwani haina foleni. Utashuka Tell, uwanja wenye mnara wa saa wa enzi za Waosmani.

Ndani ya mji kuna *sarvis*, gari dogo la kuchangia, kama michomoko ya kwetu, lenye namba nyekundu. Unataja unakokwenda kupitia dirishani, dereva akikubali unapanda na wenzako. Ukisema "taksi", umekodi gari zima, na bei ni nyingine. Akikuuliza "sarvisein?" anataka nauli ya viti viwili kwa kuwa unatoka nje ya njia yake. Malizaneni kabla mlango haujafungwa.

Fedha: dola hupokelewa kila mahali, chenji mara nyingi hurudi kwa lira. Tangu 1997 hadi mgogoro wa 2019 dola moja ilikuwa lira 1,507 na nusu. Tangu 2023 imekaa karibu na 89,500. Noti ya lira 100,000 kwa hiyo ni dola moja na senti kumi na kitu. Watu hukata sifuri wanapozungumza, "mia" ikiwa laki moja, basi omba uonyeshwe kwenye kikokotoo. Dola zako ziwe safi. Iliyochanika, iliyopigwa mhuri au ya mia moja ya toleo la zamani italeta mabishano.

Toka Tell kwa miguu uingie mji mkongwe. Msikiti Mkuu wa Mansuri, uliojengwa 1294 baada ya Wamamluki kuutwaa mji kutoka kwa Wapiganamsalaba 1289, uko katikati na ni alama nzuri ya kurudia ukipotea. Karibu yake kuna soko la masonara, soko la manukato na viungo, Khan al-Saboun, na Khan al-Khayyatin, njia ndefu ya matao ya mafundi cherehani, isiyo na ua wa ndani, tofauti na khan nyingine, yaani majengo ya kale ya wafanyabiashara. Dhahabu huuzwa kwa gramu: uliza bei ya gramu ya siku hiyo kwanza, kisha ufundi peke yake, ndipo ujumlishe. Ukipewa bei ya jumla tu, ufundi ndio uliovimba. Usifike Ijumaa adhuhuri. Utakuta milango imefungwa.

Chakula cha mchana teremka Al-Mina, upande wa bahari, ule samke harra: samaki mweupe kwa mchuzi wa tahini, kitunguu saumu, giligilani na pilipili. Wapishi wa nyumbani watakaojaribu wajue kwamba tahini ikikutana na maji ya limau hugandamana kama saruji. Haijaharibika. Ongeza maji kidogo kidogo, italainika, kisha ipike kwa moto mdogo mpaka mafuta yaanze kuchungulia juu.

*Nasomea usanifu majengo. Ni kweli Trablus kuna maonyesho makubwa ya Oscar Niemeyer yaliyoachwa bila kumalizika? — Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Kweli kabisa. Mbrazili huyo alipewa kazi 1962, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 vilisimamisha ujenzi ukiwa karibu kwisha. Eneo ni kama hekta 70. Jengo kuu ni paa moja la zege lililopinda kama bumerangi, urefu wa mita 750 na upana wa mita 70. UNESCO iliuingiza Uwanja wa Maonyesho wa Rachid Karami kwenye Urithi wa Dunia Januari 2023, na siku hiyo hiyo ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Adui wake ni yule yule wa nyumba zetu za pwani: chumvi ya bahari huingia kwenye zege, nondo hushika kutu, kutu huvimba, zege hubanduka. Kupiga lipu juu ya ufa hakusaidii. Nondo lazima ifunuliwe, isuguliwe, ndipo izibwe. Ukienda, ingia kwenye kuba la ukumbi wa maigizo ya majaribio upige kofi moja. Mwangwi wake utakufundisha kuhusu kuba kuliko kitabu.

*Ramadhani ya Trablus ikoje? Wana mzinga kama zamani kwetu? — Msomaji, Lamu*

Wanao. Hupigwa ngomeni magharibi ya futari. Usiku hupita musaharati na ngoma yake kuamsha watu wale daku. Kwa mtu wa Lamu maelezo zaidi hayahitajiki. Mezani pana maji ya ukwaju, ambao Waarabu huuita tende ya Kihindi, pamoja na jalabu, sharubati ya zabibu na tende, na baada ya tarawehe foleni ni ya kalaji: karatasi nyembamba ya unga inayoloweshwa maziwa, hujazwa ashta, hukunjwa na kukaangwa. Ijumaa ya mwisho ya mwezi watu hujaa Msikiti wa Mansuri kuzuru unywele unaohifadhiwa humo kama athari ya Mtume, zawadi ya Sultani Abdulhamid wa Pili. Mgeni anayetaka kuingia siku hiyo afike mapema sana au asiende.

*Wauza kahawa wa Trablus wanagonga vikombe kama wetu? Na kahawa yao ina tangawizi? — Msomaji, Mji Mkongwe, Mombasa*

Wanagonga, na utawasikia kabla hujawaona. Tangawizi hakuna, hiliki ipo. Kahawa haichujwi, machicha hukaa chini, kwa hiyo usikoroge na usimalize kikombe. Ukiagiza, taja sukari mwanzoni kwa kuwa hupikwa pamoja: *sada* ni bila sukari, *wasat* ni ya kiasi, *helwe* ni tamu. Msibani huletwa sada peke yake. Huko usiombe sukari.